Kompyuta mpya, lakini Zohali inakwama: kutafuta tatizo la grafiki kwenye programu za anga

"Fundi, kompyuta ni mpya, hata nailoni ya skrini sijaitoa, lakini nikikaribia Zohali inakwama." Lalamiko hili nalisikia karibu kila wiki hapa Kisumu, na wenzangu wa Nakuru na Kakamega wananiambia ni hivyo hivyo kwao. Mwenye kompyuta huja akiwa ameshaamua kuwa kadi ni dhaifu, na anachotaka ni bei ya nyingine. Namwomba asubiri kidogo. Mara nyingi kadi ni nzima, ila haijaitwa kazini. Mara nyingine hakuna kadi kabisa, na pesa alizotaka kuzitumia zingeenda bure.

Kabla hatujagusa dalili, elewa kwamba programu za anga hazina uzito mmoja. Stellarium inakuonyesha anga kama unavyoliona ukiwa umesimama ufuoni Dunga usiku, na laptopu nyingi za miaka kumi iliyopita zinaimudu. Celestia nayo ni nyepesi. SpaceEngine ni mzigo mwingine kabisa: huumba uso wa sayari papo hapo kadiri unavyoikaribia, mlima kwa mlima, na inataka kadi yenye kumbukumbu yake yenyewe. Universe Sandbox huhesabu mvutano wa kila gimba kwa kila gimba. Kerbal Space Program huchosha prosesa kuliko grafiki. Basi mtu akiniambia "programu ya anga inakwama", swali langu la kwanza ni: ipi?

Jua kwanza ni nani anayechora

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, piga Enter. Kwenye kurasa za onyesho soma jina la chipu. Ukikuta Intel HD, UHD au Iris Xe peke yake, kompyuta yako haina kadi inayojitegemea. Mchoraji wako ni sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Ukikuta pia GeForce au Radeon RX, kadi ipo. Kama inafanya kazi au imelala, hilo bado hatujui.

Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa wakati wa kununua, pengine na muuzaji ambaye hata yeye hajui. Grafiki ya Intel haina kumbukumbu yake. Hukopa RAM ya kompyuta, na Windows huiruhusu kukopa hadi karibu nusu. Kompyuta ya GB 8 basi itaonyesha karibu GB 4 za grafiki, na muuzaji atakuwekea kidole pale pale: "Unaona? Kadi ya GB 4." Angalia mstari wa kumbukumbu maalum, ule usiochanganywa na ya pamoja. Mara nyingi utasoma MB 128. Hizo ndizo zake. Zilizobaki ni za kuazima, na kila inapoazima, programu zako nyingine zinabanwa.

Sasa fungua programu yako ya anga, iache ikichora kitu kizito, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc na uende kwenye ukurasa wa grafu (Performance). GPU ni chipu ya grafiki. Kompyuta yenye grafiki mbili itaonyesha GPU 0 na GPU 1, kila moja na jina lake. Ile inayopanda juu ndiyo inayochora. Kama Intel iko asilimia 100 na GeForce iko 0, umeshapata jibu lako na hujatoa hata shilingi.

Dalili: inakwamakwama tangu inapofunguka

Kwa kompyuta ya mezani, tazama nyuma kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Waya wa skrini umechomekwa wapi? Matundu ya juu, karibu na ya USB, ni ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Matundu ya kadi yapo chini yake, yamelala upande. Mteja akichomeka juu, kadi hukaa bila kazi huku Intel ikihangaika. Mwalimu mmoja wa fizikia kutoka upande wa Maseno alinibebea kompyuta nzima kwa matatu, skrini ikiwa mapajani, kwa sababu hii tu. Nilichomoa waya, nikauteremsha sentimita kumi, na pete za Zohali zikazunguka kama maji.

Kwa laptopu yenye grafiki mbili, sababu ya kwanza ni Windows kuichagulia programu ile ndogo ili kuokoa betri. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, ingia mipangilio ya onyesho, shuka chini hadi sehemu ya grafiki, ongeza faili la programu yako na uipe chaguo la nguvu ya juu. Ifunge programu na uifungue upya, kwa maana mabadiliko hayashiki ikiwa wazi. Hakikisha pia chaja imechomekwa. Laptopu nyingi hupunguza nguvu ya kadi zikiwa kwenye betri, na hakuna mpangilio utakaoizidi hiyo.

Kama mchoraji wako ni Intel au Radeon iliyo ndani ya prosesa, hesabu vipande vya RAM. Jambo hili linadharauliwa sana. Grafiki ya aina hii husoma kila picha kutoka RAM, na kipande kimoja ni barabara ya upande mmoja. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vinavyofanana hupitisha 51.2. Intel wenyewe wanalizingatia: prosesa yenye Iris Xe ikiwekewa kipande kimoja tu, kompyuta huandika UHD badala ya Iris Xe. Ukinunua laptopu iliyotangazwa kuwa na Iris Xe na dxdiag ikasoma UHD, usikimbilie kugombana na aliyekuuzia. Huenda unahitaji tu kipande cha pili cha RAM, na hicho ni nafuu mno kuliko kompyuta nyingine. Angalia kwanza kama laptopu yako ina nafasi ya pili, maana nyingine RAM yake imechomelewa moja kwa moja.

Baada ya hapo, punguza wigo wa picha, yaani idadi ya pikseli. Skrini ya 3840 kwa 2160 ina pikseli 8,294,400. Ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600. Ni kazi mara nne kwa kadi ile ile. Kushuka hatua moja ndani ya programu huponya wengi.

Sababu adimu, lakini inayouma kuliko zote, ni kadi bandia. Kijana mmoja alinunua mtandaoni kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, ikafika Nakuru kwenye boksi zuri, na kila kitu ndani ya Windows kikaitambua kwa jina hilo. Michoro ilikuwa kama ya kompyuta ya zamani za kale. Tulipofungua GPU-Z, programu ndogo ya bure, jina lilitanguliwa na neno FAKE. Chipu ya ndani ilikuwa ya kizazi cha GTX 500, iliyoandikwa upya ili idanganye. GPU-Z imekuwa ikigundua kadi za namna hii tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018. Ukinunua kadi ya mkono wa pili, omba muuzaji aifungue programu hiyo mbele yako kabla hujatuma pesa. Akikataa, ondoka. Na usijaribu kuiandika upya kadi bandia ili "irudi", kwa sababu chipu ya ndani itabaki ile ile ya zamani.

Dalili: dakika kumi za kwanza nzuri, halafu inazorota

Hili ni joto, karibu kila mara. Kadi au prosesa ikifika kikomo chake hujipunguzia kasi ili isiungue, na wewe unaona picha 50 kwa sekunde zikigeuka 15.

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na mchana wa Januari chumba chenye paa la mabati huwa tanuri. Nakuru ina baridi kuliko sisi, lakini vumbi lake linajulikana. Laptopu zinazonijia kutoka huko naweza kuzitambua kabla sijaambiwa: ukiondoa feni, kati yake na mapezi ya kupozea kuna kitambaa kizima cha vumbi, cha kijivu, kinachotoka kwa kipande kimoja kama blanketi la mtoto. Hewa haikuwa na pa kupitia.

Anza na yasiyo na gharama. Iinue laptopu nyuma kwa vitabu viwili, itoe kitandani, iweke mbali na dirisha la jua. Jaribu tena saa mbili usiku hewa ikiwa imepoa. Tofauti ikionekana, umethibitisha joto. Weka kikomo cha picha kwa sekunde ndani ya programu, 30 au 60. Programu za anga hazihitaji zaidi, na bila kikomo kadi huchora mamia ya picha za anga tupu kwa jasho la bure.

Kisha safisha. Kompyuta ya mezani unaweza kuipuliza mwenyewe ikiwa imezimwa na waya wa stima umechomolewa, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Laptopu iliyo ndani ya dhamana usiifungue, mrudishie aliyekuuzia. Ikiwa dhamana imeisha na ina miaka mitatu na zaidi, dawa inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea huenda imekauka. Kuibadilisha kwenye kadi ya grafiki au laptopu ni kazi ya fundi. Skrubu zina mpangilio wake, na chipu iliyo wazi hupasuka kona kwa kubanwa upande mmoja.

Dalili: haifunguki, au inadai OpenGL

OpenGL ni lugha ambayo programu huitumia kuiagiza kadi ichore. Rudi dxdiag. Ukisoma Microsoft Basic Display Adapter, Windows haina draiva ya grafiki yako, yaani programu ya kuiongoza, na hakuna programu ya anga nzito itakayochora hapo. Kompyuta za ex-UK, yaani za mitumba kutoka Uingereza, zilizowekewa Windows upya kwa haraka huwa hivi mara nyingi. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, au Intel, NVIDIA au AMD wenyewe. Faili la NVIDIA huzidi MB 600, kwa hiyo usianze na bando la saa moja. Nenda penye Wi-Fi ulibebe kwa flashi. Epuka programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa pamoja. Nimeondoa uchafu wake kwenye kompyuta nyingi mno.

Draiva ikiwepo na bado inagoma, angalia umri wa kadi. GTX za mfululizo wa 600 na nyingi za 700 ziliacha kupata draiva mpya za kawaida mwishoni mwa 2021. Zitaendesha Celestia vizuri tu, lakini usizinunue leo kwa ajili ya SpaceEngine.

Shule moja ilikuwa imepanga kuwaonyesha wanafunzi kwa Stellarium marudio ya kupatwa kwa jua kwa 3 Novemba 2013, jioni ile ambayo jua lilifunikwa sehemu kubwa hapa kwetu na kufunikwa lote kule Turkana. Programu ikagoma dakika chache kabla ya somo. Hatukuwa na muda wa draiva. Matoleo mengi ya Stellarium kwa Windows huja na njia za mkato za ziada kwenye menyu, ANGLE na MESA. Ya pili humwachia prosesa kazi ya kuchora. Inaenda polepole, ila inaenda, na somo lilifanyika. Ni njia ya dharura. Usiifanye ya kila siku.

Dalili: skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili, kisha programu inajifunga

Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Ikinyamaza zaidi ya hapo, huiwasha upya, na programu iliyokuwa ikichora hupotea. Sababu ya kawaida kwa SpaceEngine ni kumbukumbu ya kadi kujaa unaposhuka haraka kwenye sayari yenye milima. Punguza ubora wa mandhari hatua moja, funga kivinjari chenye kurasa ishirini, jaribu tena mahali pale pale. Ikiendelea, fungua faili la se.log ndani ya folda ya system ya programu. Mistari ya mwisho huonyesha ilikuwa inafanya nini ilipoanguka.

Sababu ya pili ni draiva iliyoharibika, hasa ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho. Rudisha ya awali kupitia devmgmt.msc, unayoiandika kwenye Windows na R kama dxdiag. Ikishindikana, ifute kabisa kwa DDU, programu ya kufuta draiva za grafiki, ukiwa katika hali salama (Safe Mode), kisha uweke upya. Skrini ikiganda bila kujifunga, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Itapepesa mara moja na huenda ikarudi.

Ukiona vidoa vya rangi, mistari, au miraba inayobaki hata ukiwa kwenye eneo-kazi tupu, acha. Kumbukumbu ya kadi inakufa. Hamisha kazi zako, umwone fundi. Usikubali mtu aioke kadi kwenye oveni eti irudi; ikirudi ni ya siku chache, na moshi wake ni sumu.

Dalili: chombo kinatetemeka, pete zinapepesa

Hapa naomba uiachie kadi yako heshima yake. Kadi za grafiki huhesabu kwa namba zenye takriban tarakimu saba za maana. Dunia iko mbali na jua mita bilioni 150 hivi. Kwa umbali huo, namba ya aina hiyo haiwezi kutofautisha nafasi mbili zilizo karibu kuliko kilomita 16. Chombo chako chenye urefu wa mita ishirini kinarukaruka kwa sababu hesabu haina pa kukiweka katikati. Watengenezaji hulikwepa kwa kuifanya kamera iwe kitovu cha ulimwengu, kila kitu kipimwe kutoka kwako. Kerbal Space Program ilisumbuliwa na hili siku za mwanzo hadi vyombo vikavunjika vyenyewe, mpaka walipobadilisha kitovu.

Kadi ya bei kubwa haitaliondoa. Sasisha programu, ondoa nyongeza ulizoweka, au sogea karibu na kitu unachokitazama.

Dalili: picha ni laini, lakini muda unasonga polepole

Kwenye Kerbal saa ya safari hugeuka kutoka kijani kuwa njano: prosesa imeshindwa kwenda na wakati halisi. Punguza vipande vya chombo. Kwenye Universe Sandbox punguza idadi ya magimba. Grafiki haihusiki.

Dalili: kompyuta nzima inazima

Shimo jeusi la Cygnus X-1 ndilo kipimo changu. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilitusaidia kulijua, kwa hiyo huwa nalitembelea kwa mapenzi pia. Katika SpaceEngine, ukilikaribia, kadi inalazimika kupinda nuru kwenye kila pikseli, na hapo hula stima yote inayoweza. Kompyuta ikizima pale kama iliyochomolewa, shuku pawa saplai.

Kompyuta za ex-UK za mezani, zile nyembamba, nyingi zina pawa saplai ya wati 240 au karibu na hapo, na haina waya wa ziada wa kadi. Sloti yenyewe, yaani nafasi ya mazabodi kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 tu. Kwa mashine hizo tafuta kadi fupi isiyohitaji waya, kama GTX 1650 ya kimo kidogo. Usikubali kigeuzi kinachotoa stima ya kadi kwenye waya wa SATA, ule wa stima ya diski: waya huo umeundwa kubeba wati 54 upande wa volti 12, na kichwa cha pini sita kinaweza kudai 75. Nimeona plastiki yake imeyeyuka ikashikana na waya wa jirani.

Kisha angalia ukutani. Stima yetu ni volti 240 kwenye karatasi, lakini jioni hushuka, na ikirudi baada ya kupotea hupiga kwa nguvu. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya VA 650 mara nyingi hubeba chini ya wati 400. Skrini na kadi kubwa zikiwa juu yake, italia na kuzima. Mawingu ya ziwa yakianza kunguruma, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Simama na umwite fundi ukisikia harufu ya kuungua, ukipigwa na stima ukigusa kasha, au betri ya laptopu ikivimba na kuinua kibodi. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuichaji, hata kwa dakika moja ya kunakili picha. Pawa saplai usiifungue hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake hubaki na stima ya kuua. Andika kwenye karatasi ilizima ukiwa programu gani, baada ya dakika ngapi, na GPU ipi ilikuwa juu, umpe fundi karatasi hiyo pamoja na mashine.